Dk. Albert Cook: Daktari wa Mengo na mafaili yake

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka wa Malaba au Busia hulalamika malori yanapokwama barabarani siku mbili tatu. Mwaka 1896 safari hiyo ya kutoka Mombasa hadi Kampala ilikuwa ya miguu, mizigo ikibebwa na wapagazi, kwani ujenzi wa reli ndiyo kwanza ulikuwa umeanza. Katika msafara mmoja wa wamisionari wa Kiingereza alikuwemo daktari kijana wa miaka 26, Albert Cook.

Cook alizaliwa Hampstead, London, mwaka 1870, na kusomea udaktari Cambridge na katika hospitali ya St Bartholomew's. Msafara wake ulifika Buganda Februari 1897. Katika mwaka huo huo alianzisha hospitali ya Mengo, ikiwa ni nyumba ya miti, udongo na nyasi. Muuguzi wa msafara ule, Katharine Timpson, alifunga naye ndoa mwaka 1900. Kaka mtu na mdogo mtu walikutana Mengo pia, kwani Jack Cook, naye daktari, alimfuata nduguye huko.

Hawakuanza kwa raha. Mwishoni mwa 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia serikali ya kikoloni waliasi na kuishika ngome ya Lubwa, Busoga. Cook alikwenda kutibu majeruhi, na huko ndiko alikouawa mmisionari mwenzake, George Pilkington, mtafsiri wa Biblia kwa Kiganda. Mwaka 1902 radi ikaiteketeza hospitali. Ilijengwa upya, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1904.

Jambo lililomtia katika historia, hata hivyo, lilitokea mapema mwaka 1901. Walifika Mengo wagonjwa wenye homa, waliokonda na kusinzia mchana kutwa. Ndugu hao wawili waliutambua ugonjwa wa malale, ambao hadi wakati huo ulijulikana zaidi Afrika Magharibi na Kongo. Kati ya 1902 na 1903 watafiti waliotumwa kutoka Uingereza wakathibitisha kwamba unasababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria na visiwani inakadiriwa walikufa watu zaidi ya 200,000.

Dawa ya kuaminika haikuwepo. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya Gavana Hesketh Bell iliamua kuwahamisha watu kutoka mwambaoni, na baadaye visiwa vya Ssese na Buvuma navyo vikahamwa. Waliondoka wakiacha migomba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao, na waliruhusiwa kurudi baada ya Vita Kuu ya kwanza tu. Wengi hawakurudi kamwe. Waliorudi walikuta mashamba yamegeuka pori. Msomaji aliyewahi kurejea kwao baada ya miaka ya ukimbizi anaelewa kazi ya kuanza upya kwenye kiwanja cha baba ambacho hakitambuliki tena.

Bwana na Bibi Cook waliendelea na kazi. Bibi Cook alisimamia shule ya kufundisha wasichana ukunga na kuandika kitabu cha kazi hiyo kwa Kiganda, na mumewe alishughulikia mafunzo ya wasaidizi wa madaktari. Mwaka 1932 Cook alipewa cheo cha Sir. Kumbukumbu zake, ziitwazo Uganda Memories, zilichapishwa Kampala mwaka 1945.

Kitabu hicho ni cha mmisionari wa enzi ya ukoloni na kinasomeka hivyo. Cook hakuitenganisha tiba na mahubiri. Hakuwa bila makosa pia. Aliamini kwamba kaswende ilikuwa imeenea mno Buganda, na imani hiyo ilichangia kampeni iliyowalazimisha watu kupimwa, jambo lililowaudhi wengi, hasa wanawake. Wataalamu wa baadaye waliona kuwa huenda sehemu ya wagonjwa hao walikuwa na buba au maradhi mengine ya ngozi yasiyohusiana na zinaa.

Hazina yake kubwa zaidi haimo katika kitabu hicho. Tangu mwaka ule wa 1897 kila mgonjwa aliyelazwa Mengo alifunguliwa faili: anatoka wapi, anaumwa nini, amefanyiwa nini, mwisho wake ukawaje. Mafaili hayo yalihifadhiwa. Katika miaka ya 1950 daktari Denis Burkitt alieleza saratani inayovimbisha mataya ya watoto, na likazuka swali kama ulikuwa ugonjwa mpya. Wataalamu wa Makerere walipoyapekua mafaili ya Mengo ya kuanzia 1897 hadi 1956, walikuta uvimbe wa namna hiyo ulishaandikwa na Cook miongo kadhaa nyuma. Matokeo ya uchunguzi wao yalichapishwa mwaka 1964.

Cook alikuwa ameshafariki. Bibi Cook alitangulia mwaka 1938, naye akafuata mwaka 1951 mjini Kampala, na wote wawili wamezikwa Namirembe, mwendo mfupi kutoka hospitali yao. Maktaba ya chuo cha udaktari cha Makerere, iliyoko Mulago, ilipewa jina lake, na huko ndiko yalikowekwa mafaili ya wagonjwa wake.