Karata za Ulam zilivyowafaa madaktari

WATAALAMU wanaotengeneza vifaa vya kupima oksijeni katika damu wanamtegemea mtu ambaye hakuwa daktari: mwanahisabati Stanislaw Ulam.

Ulam alizaliwa Aprili 13, 1909 katika familia ya Kiyahudi mjini Lviv, ambao leo ni sehemu ya Ukraine. Agosti 1939 alisafiri kwa meli kutoka Poland kwenda Marekani pamoja na mdogo wake, Adam, siku chache kabla ya uvamizi wa Wajerumani. Baba na dada yao waliobaki nyumbani waliuawa katika maangamizi ya Wayahudi.

Mwaka wa 1944 alijiunga na kituo cha siri cha Los Alamos kilikoundwa bomu la atomiki. Vita vilipokwisha, maradhi ya ubongo nusura yamuue mnamo 1946, ikabidi apasuliwe kichwa. Akiuguza kidonda, alijiliwaza kwa mchezo wa karata wa mtu mmoja. Alijaribu kukokotoa uwezekano wa kushinda, hesabu zikamlemea. Akang'amua kuwa ni rahisi zaidi kuucheza mara mia moja, kisha kuhesabu ushindi.

Rafiki yake John von Neumann aliichangamkia fikra hiyo, na mwaka wa 1948 tarakilishi ya ENIAC ikaitumia kufuatilia safari za nyutroni. Mbinu hiyo iliitwa Monte Carlo, mji uliosifika kwa kamari.

Ulam alifariki Mei 13, 1984 mjini Santa Fe. Mwaka mmoja awali, watafiti walikuwa wamechapisha hesabu za mwanga ndani ya mwili kwa mbinu hiyo. Tarakilishi hurusha mamilioni ya chembe za mwanga katika kielelezo cha kidole, na bahati nasibu huamua ipi itapinda, ipi itamezwa na ipi itatokea upande wa pili. Damu yenye oksijeni humeza mwanga mwekundu kwa uchache kuliko isiyo nayo, na kifaa kinachobanwa kidoleni hutegemea tofauti hiyo.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2020 ulibaini kuwa vifaa hivyo vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya Wazungu. Kwa kuwa rangi ya ngozi nayo humeza mwanga, watafiti wanatumia mbinu ya Ulam kuchunguza kosa hilo linaanzia wapi. Hesabu iliyokomalia penye mabomu sasa inatafutiwa kazi ya kuokoa maisha, yakiwemo ya wale ambao kifaa kiliwasahau.