Fu Hao: Malkia jemadari aliyezikwa na jedi 755

Katika soko la Arua, na hata ukivuka mpaka hadi Ariwara au Kaya, bidhaa za China ziko kila kibanda: sufuria, betri, kandambili, redio. Lakini wengi wetu tunaozinunua na kuziuza hatujui lolote juu ya watu wa kale wa nchi hiyo. Leo napenda tumtazame mmoja wao, mwanamke aitwaye Fu Hao, aliyefariki yapata mwaka 1200 Kabla ya Kristo.

Fu Hao alikuwa mke wa Mfalme Wu Ding wa ukoo wa Shang, uliotawala kaskazini mwa China. Mfalme alikuwa na wake wengi, lakini huyu hakuwa wa kukaa ndani tu. Alikuwa na ardhi yake, aliongoza matambiko ya ukoo, na alitumwa vitani akiwa jemadari.

Habari zake tunazipata kwenye mifupa. Wafalme wa Shang walipiga ramli kwa kuchoma mfupa wa ng'ombe au gamba la kobe na kusoma nyufa zilizotokea. Kisha swali lililoulizwa lilichongwa papo hapo. Wakulima waliokota mifupa hiyo na kuiuza kwa wauza dawa za kienyeji, mpaka wasomi walipoitambua mwaka 1899. Maandishi yapatayo 200 yanamtaja Fu Hao. Mfalme anauliza juu ya meno yake, maradhi yake na mimba zake. Safari moja alijifungua mtoto wa kike, na mwandishi akaandika kuwa haikuwa bahati njema. Mama huyo huyo ndiye aliyehusishwa na jeshi la watu 13,000 katika vita dhidi ya Waqiang.

Alifariki kabla ya mumewe. Alizikwa Anyang karibu na ikulu, si kwenye makaburi ya wafalme yaliyo ng'ambo ya mto. Makaburi yale yaliporwa na wezi, lakini lake lilisahaulika. Mwaka 1976, wakati ardhi ya eneo hilo ilipokuwa ikisawazishwa kwa kilimo, mwanamama mtaalamu wa mambo ya kale, Zheng Zhenxiang, aliongoza uchimbaji. Walishuka hadi mita saba na nusu.

Humo walikuta vitu 468 vya shaba iliyochanganywa na bati, yakiwemo mashoka makubwa ya ujemadari, moja likiwa na uzito wa kilo 9. Walikuta pia vitu 755 vilivyotengenezwa kwa jedi.

Jedi ni jiwe la thamani, mara nyingi la kijani, ambalo kisu hakilikati. Fundi wa wakati huo alilisugua kwa mchanga mkali na maji, siku baada ya siku, mpaka umbo likatokea. Katika kaburi la Fu Hao kulikuwa na visahani vyenye tundu katikati, ndege, samaki, tembo, na visanamu vya watu waliopiga magoti. Kwa watu wa Shang hayo hayakuwa mapambo tu. Yalitumika katika matambiko, na mkubwa alizikwa nayo ili aende nayo kwa wahenga. Baadhi yalikuwa ya kale hata kwake, kwa kuwa yalichongwa zaidi ya miaka elfu moja kabla hajazaliwa.

Kulikuwa pia na kauri zipatazo 6,900. Wafanyabiashara wataelewa hili upesi, maana Anyang ni mbali na bahari, kwa hiyo kauri hizo zilipita mikono mingi. Hapa Uganda pia kauri za Bahari ya Hindi zilikuwa fedha zamani, na mpaka leo Waganda huita fedha ensimbi, yaani kauri.

Hata hivyo, malkia hakulala peke yake. Watu 16 na mbwa 6 waliuawa ili wamfuate. Jina la Fu Hao limeandikwa kwenye vyombo zaidi ya mia moja, lakini wale 16 hawana hata jina moja. Waqiang nao, walipotekwa vitani, wengi walichinjwa katika matambiko.

Hapa ndipo mimi, niliyesomea ukimbizini, ninaposita kumpigia makofi jemadari huyu. Wazazi wetu wa Koboko na Arua walivuka mpaka mwaka 1979 na 1980. Tunajua jeshi likipita ni nani anayekimbia na ni nani anayebaki njiani. Nikifundisha habari za Fu Hao, nawaambia wanafunzi wahesabu jedi 755, kisha wahesabu na wale 16.

Na yeye mwenyewe nusura apotee. Vitabu vya historia vilivyoandikwa baadaye vilimtaja mumewe, yeye vikamruka. Kilichomrudisha baada ya miaka 3,000 ni jina lake lililochongwa kwenye mfupa na shaba.

Sisi hatuna jedi wala shaba, lakini daftari na kalamu vipo katika kila duka la Koboko. Ndugu zetu wengi walizikwa Sudan na katika nchi iliyoitwa Zaire, bila jiwe wala msalaba. Wazee wanaokumbuka majina yao na mahali walipolala wanazidi kupungua. Tuwaulize sasa, na tuandike.