Richard Bright

Richard Bright (28 Septemba 1789 – 16 Desemba 1858) alikuwa daktari kutoka Uingereza anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa elimu ya magonjwa ya figo. Alionyesha kwamba ugonjwa wa figo unaweza kutambuliwa mgonjwa angali hai, kwa kuchunguza protini katika mkojo na damu yake.

Maisha

Alizaliwa Bristol, mtoto wa mfanyabiashara tajiri. Alisomea udaktari Edinburgh, akahitimu mwaka 1813. Kuanzia mwaka 1820 alikuwa daktari katika Hospitali ya Guy, London. Alifariki London.

Ugunduzi

Zamani hizo kuvimba mwili kulidhaniwa kuwa ugonjwa wenyewe, si dalili. Bright aliupasha moto mkojo wa wagonjwa kwa kijiko juu ya mshumaa. Mkojo wenye albumini, ambayo ni protini ya damu, uliganda kama ute wa yai uliochemshwa. Wagonjwa hao walipofariki, uchunguzi wa maiti ulionyesha figo zilizoharibika. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1827.

Mwanakemia John Bostock alimsaidia kupima damu. Albumini ilikuwa imepungua kwa kuvujia kwenye mkojo, na yurea, taka inayopaswa kutolewa na figo, ilikuwa imezidi. Maradhi hayo yakaitwa ugonjwa wa Bright.

Hata hivyo, hakuwa na tiba ya kuaminika. Wagonjwa walitolewa damu na kupewa dawa za kuharisha, na wengi walifariki. Mashine ya kusafisha damu ilianza kutumika miaka ya 1940 tu.

Umuhimu wake leo

Jina la ugonjwa wa Bright limeachwa, kwa kuwa lilijumlisha magonjwa mbalimbali, lakini njia yake inaendelea. Maabara hupima albumini, na pia sistatini C, protini ndogo inayoongezeka katika damu figo zikishindwa kuichuja.

Mkojo nao bado unatoa habari. Katika kisiwa cha Pemba, ambako kichocho kimesumbua watu kwa miaka mingi, watoto wa shule wamekuwa wakipimwa mkojo kwa kijiti kinachoonyesha damu. Kichocho kisipotibiwa kinaweza kuziba njia za mkojo na kuharibu figo. Tofauti na siku za Bright, anayegunduliwa mapema hupewa dawa.