Huggins, daktari aliyeinyima saratani chakula

Kama una buda au babu aliyepita miaka 50, msome jamaa huyu hadi mwisho. Jina lake huenda hulijui, lakini saratani ya tezi dume ikibisha hodi kwenu, matibabu mengi atakayopewa mzee yalianzia kwake.

Charles Brenton Huggins alizaliwa Septemba 22, 1901, mjini Halifax, Canada. Masomo aliyabeba vizuri. Kufikia 1924 alikuwa ametoka Harvard akiwa daktari, na 1927 akaajiriwa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani.

Huko alikuwa akichunguza majimaji ya tezi dume kwa kutumia mbwa. Shida ni kwamba baadhi ya mbwa wazee walikuwa na uvimbe kwenye tezi hiyo, na ulimvurugia kazi. Wewe ungetafuta mbwa wengine, sivyo? Yeye aliugeukia uvimbe wenyewe. Alipowaondoa mbwa hao korodani, uvimbe ukanywea.

Kwa nini? Korodani hutengeneza testosteroni. Leo tunajua kwamba seli za tezi dume zina vipokezi vya homoni hiyo. Chukulia kipokezi ni kufuli na homoni ni ufunguo: kufuli likifunguka, seli inapata amri ya kukua. Seli yenye saratani nayo mara nyingi hutegemea ufunguo uo huo.

Mwaka wa 1941, Huggins na wenzake walitangaza matokeo kwa binadamu. Wagonjwa walikuwa wanaume ambao saratani yao ilishasambaa hadi mifupani. Walipoondolewa korodani au kupewa estrojeni, dalili za ugonjwa kwenye damu zilishuka na wengi wakapata nafuu ya maumivu. Si ati walipona kabisa, la. Kwa wengi saratani ilirudi baadaye. Lakini kabla ya hapo, wazee kama hao hawakuwa na tumaini lolote la maana.

Tuzo ya Nobel ilimfikia 1966, miaka 25 baadaye, akaigawana na Peyton Rous.

Bei ya tiba yake ilikuwa chungu, maana ni mwanamume gani anafurahia kukatwa korodani? Kisha 1971, kikosi cha Andrew Schally kikafichua umbo la homoni ndogo ya ubongo inayoanzisha safari nzima ya testosteroni. Dawa zilizotokana nayo hulenga vipokezi vya tezi iliyo chini ya ubongo, hadi korodani zinyamaze bila kisu. Siku hizi mgonjwa anaweza kudungwa sindano tu.

Huggins alifariki Januari 12, 1997, akiwa na miaka 95.

Sasa rudi kwa mzee wako. Akiamka usiku kukojoa kila mara, au mkojo ukimsumbua kutoka, huenda si saratani. Lakini atanyamaza kwa aibu, unamjua. Mwanzishie wewe hiyo stori, kisha umsindikize hospitalini akapimwe.