Mchoraji na Takataka Zake

Sisi wa visiwani hatudharau kinachotupwa na bahari. Ubao, kamba au chupa, kila kiokotwacho pwani hupata kazi nyumbani. Kwa hiyo habari za marehemu Kurt Schwitters, Mjerumani aliyezaliwa Hannover mwaka 1887, hazitatushangaza sana.

Mtu huyu alisomea uchoraji wa kawaida mjini Dresden. Lakini vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha mwaka 1918, nchi yake ikiwa imevunjika, aliona kuwa rangi peke yake haiwezi kuieleza hali ile. Akaanza kuokota tikiti za tramu, vipande vya magazeti na mbao, akavibandika na kuvigongomea pichani. Kazi hiyo akaiita Merz, silabi aliyoikata katika neno la Kijerumani lenye maana ya biashara.

Serikali ya Hitler iliihesabu sanaa hiyo kuwa uchafu. Januari 1937 Schwitters alikimbilia Norway, mkewe Helma akabaki Hannover. Wajerumani walipoivamia Norway mwaka 1940, alikimbia tena, yeye na mwanawe, hadi Uskochi kwa meli ya kuvunjia barafu. Na huko alipokewaje? Kwa kuwa alikuwa Mjerumani, aliwekwa kizuizini katika kisiwa cha Man kwa miezi 16, pamoja na wengi waliomkimbia adui yuleyule. Hofu ya wakati wa vita tunaielewa, lakini ule ulikuwa uonevu.

Kambini vifaa vilikuwa haba. Alichora juu ya linoliamu iliyong'olewa sakafuni, na akafinyanga sanamu kwa uji uliobaki, nazo zikaota ukungu na kunuka.

Wako wanaopenda kusema kwamba dhiki ni mwalimu mwema wa wasanii. Hatukubaliani nao. Nyumba yake ya Hannover, ambayo vyumba vyake alivigeuza sanaa kwa miaka mingi, iliteketezwa kwa mabomu mwaka 1943. Helma alifariki mwaka 1944, wasionane tena. Mwaka huohuo yeye alipatwa na kiharusi mjini London. Dhiki haikumpa kitu. Ilimnyang'anya kila kitu isipokuwa ule ustadi wa kuokota aliokuwa nao tangu zamani.

Mwaka 1945 alihamia Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, akichora sura za wenyeji ili apate chakula. Huko mashambani kazi yake ilibadilika: penye karatasi za mjini pakaingia mawe, matawi na plasta. Mwaka 1947, kwa msaada wa fedha kutoka jumba la sanaa ya kisasa la New York, alianza kuzijenga ndani ya ghala la mawe huko Elterwater. Aliufanyia kazi ukuta mmoja tu, nao haukumalizika. Mwaka 1965 ukuta huo ulihamishwa mzima mzima kupelekwa Newcastle.

Habari ya kukubaliwa uraia wa Uingereza ilimfikia tarehe 7 Januari 1948, akiwa mgonjwa sana. Alifariki kesho yake.