Colin Chapman na Gharama ya Wepesi

Malori yapitayo Eldoret yakielekea Uganda hubebwa kwa nyuma na springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, mtindo uliotumika katika magari ya farasi kabla ya kuja kwa motokaa. Mwingereza Colin Chapman aliutumia uhai wake kupigana na uzito wa namna hiyo.

Chapman alizaliwa mwaka 1928 huko Richmond, karibu na London. Alisomea uhandisi chuoni London, na mwaka 1952 akaanzisha kampuni ya Lotus. Aliamini kwamba kila kipande cha gari sharti kifanye kazi zaidi ya moja. Imani hiyo ilidhihirika katika gari la Lotus Elite, lililooneshwa London mwaka 1957. Kila gurudumu la nyuma lilijitegemea, likishikwa na nguzo moja iliyobeba springi ya mviringo. Mtaimbo uliolizungusha ndio pia uliolizuia lisiyumbe kando.

Mwaka 1963 Chapman aligeuza Ford Cortina, gari la kawaida la familia, kuwa la mashindano. Aliondoa mabamba ya nyuma, akaweka springi za mviringo, na ekseli akaishika kwa chuma chenye umbo la herufi A kilichofungwa chini ya difu. Penye lami gari lilitamba: mwaka 1964 Jim Clark alitwaa nalo ubingwa wa Uingereza wa magari ya saluni. Lakini mzigo ulioielemea difu uliilegeza, mafuta yakavuja na kuharibu mipira ya viungo. Mwaka huohuo Peter Hughes na Billy Young walishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki kwa Cortina GT, ndugu wa gari hilo, lililobaki na mabamba yake. Mwaka 1965 mabamba yakarejeshwa katika gari la Chapman pia.

Hakukata tamaa. Kufikia mwaka 1978 Lotus ilikuwa imetwaa ubingwa wa watengenezaji wa Formula One mara 7. Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Jochen Rindt, aliyekuwa amemwandikia Chapman barua mwaka 1969 akilalamikia udhaifu wa magari yake, alifariki Monza mwaka 1970 akiendesha Lotus, akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini.

Chapman alifariki kwa mshtuko wa moyo Desemba 1982, akiwa na umri wa miaka 54. Aliufundisha ulimwengu kupunguza uzito. Barabara mbovu na makaburi vilifundisha mahali pa kukomea.