MINOMURA RIZAEMON NA NYUMBA YA MITSUI

Shuleni tunasoma sana habari za wafalme na majemadari, lakini za wafanya biashara ni chache. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji maisha ya Mjapani mmoja, Minomura Rizaemon, ambaye kila nikimfikiri napata la kujifunza.

Alizaliwa mwaka 1821, akakua katika umaskini. Inasimuliwa kuwa kusoma na kuandika alikujua kidogo tu. Alipokuwa kijana alikwenda Edo, mji uitwao leo Tokyo, akawa mtumishi nyumbani kwa Bwana Oguri. Baadaye akauza peremende, akaweka akiba kidogo kidogo, hata akapata kazi ya kubadilisha fedha. Akiba haiozi.

Zamani hizo nyumba ya biashara ya Mitsui ilikuwa na sifa kubwa. Ilifungua duka la nguo Edo mwaka 1673, ikauza kwa fedha taslimu na kwa bei moja bila kupatana, kisha ikaingia kazi ya fedha. Lakini ilipokaribia miaka 200, shida zilikuja kwa pamoja. Duka halikuwa likiendelea vizuri, vita vilikuwa vikinukia, na serikali ya Shogun, ambayo yenyewe ilikuwa karibu kuanguka, iliwatoza michango iliyopita uwezo wao. Basi mwaka 1866 wakamwita Minomura, kwa kuwa Bwana Oguri alikuwa mkubwa wa mambo ya fedha serikalini. Minomura akaenda kumsihi, na mchango ukapunguzwa sana. Mitsui wakamwajiri papo hapo.

Mwaka 1868 vita vikatokea. Minomura aliona kuwa serikali ya Shogun haitasimama, na Mitsui wakaisaidia serikali mpya kwa fedha. Hivyo nyumba ikapona. Lakini mwaka ule ule askari wa serikali mpya walimwua Bwana Oguri. Mimi nisomapo habari hii husita. Je, Minomura alimsaliti bwana wake? Sijui mtu angeweza kufanya nini zaidi, maana watu wengi walipata riziki yao katika nyumba ile. Lakini najua alichofanya baadaye: mjane wa Oguri na binti yake mchanga aliwapokea, akawatunza.

Shida hazikuisha. Mwaka 1872 duka la nguo, lililokuwa fahari ya mababu, lilitengwa na nyumba ili hasara zake zisiizamishe biashara nzima. Bila shaka wazee wengi walihuzunika. Hata hivyo duka lile halikufa. Ndilo lililokuja kuwa Mitsukoshi, duka mashuhuri la Tokyo.

Mwaka 1874 likaja jaribu kubwa kuliko yote. Nyumba tatu, yaani Mitsui, Ono na Shimada, zilikuwa zikiweka amana za serikali na kuzifanyia biashara. Ghafula serikali ikaamuru kila nyumba itoe dhamana sawa na amana zote ilizo nazo. Ono na Shimada zikaanguka. Minomura alikusanya mali na kukopa, hata Mitsui ikatimiza amri. Hakukaa kuomboleza, mwaka 1876 Benki ya Mitsui ikafunguliwa, benki ya kwanza ya watu binafsi katika Japani. Mwaka uliofuata, 1877, Minomura akafariki kwa maradhi.

Mwanafunzi asije akasema kuwa shule haina faida kwa sababu Minomura hakusoma. Asiyesoma alilazimika kujifunza kwa taabu mambo ambayo sisi twapewa darasani. Linalonipendeza kwake ni kwamba kila mlango ulipofungwa alikwisha kuanza kutafuta mwingine, na alipofanikiwa hakumsahau aliyempa kazi alipokuwa hana kitu. La kwanza huokoa biashara. La pili humwokoa mwenye biashara.